BOMBA SI WIZI WA MAJI

Maji ya Milima ya Uluguru hushuka hadi Mto Ruvu, kisha yakanywewa Dar es Salaam na watu wasiopata kuiona milima hiyo. Yakipita katika mfereji wa wazi, kila mpita njia huyachungulia na mwenye nia mbaya huyachafua. Yakipita katika bomba, hufika salama. Hatujasikia mtu akisema kuwa bomba ni wizi wa maji.

Habari zetu nazo husafiri vivyo hivyo. Kijana wa Visiwani anayesoma Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine au Mzumbe, anapowasiliana na wazazi wake Pemba, habari zake hupita mikononi mwa wengi. VPN ndiyo bomba lake: huzifunga habari kwa maandishi ya siri tangu nyumbani hadi kwenye mtambo wa upande wa pili. Na achague vyema mwenye mtambo huo, maana huyo naye ataweza kujua habari zinakokwenda.

Wenye ujuzi hawaiweki VPN katika kila simu. Huchukua kompyuta moja yenye matundu mawili ya waya wa mtandao, wakaigawa kwa programu iwe mashine pepe kadhaa. Mojawapo huwa ruta na ngome ya nyumba nzima, kwa programu isiyolipiwa kama OPNsense. Tundu moja hupokea mtandao kutoka nje, la pili huugawa ndani. VPN ikiwekwa langoni hapo, nyumba yote imo ndani ya bomba. Lakini ngome iamriwe kwamba bomba likikatika, habari zisitoke kwa njia ya wazi. Na maulizo ya majina ya tovuti yapite humo humo. Asiyefanya hivyo amejenga ukuta akaacha mlango wazi.

Mwezi Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watu na makampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na kutaja anwani zao za IP. Ilikumbusha Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizoweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano, suala hili lina maana kwa mkazi wa Wete na kwa mkazi wa Morogoro pia.

Hatupingi Serikali kuilinda jamii na maovu. Lakini kilichokatazwa ni kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia inayosaidia kuyafikia maudhui yaliyoharamishwa. Bomba lisilotumiwa hivyo lisihesabiwe kosa. Tena anwani ya IP ya nyumba ya kawaida hubadilika mara kwa mara. Kuisajili ni kama kusajili kiti cha daladala.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu waeleze kwa lugha nyepesi ni matumizi gani ya nyumbani yaliyo halali, na daftari la waliojisajili litunzwe kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Wananchi nao wasiufanye ulinzi kuwa maficho ya uovu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Anayeuziba ufa wa nyumba yake asihesabiwe mhalifu.