Ukoma Wapona, Mshipa Uliokufa Haurudi

Katika dua wanazohifadhi watoto wetu madrasani imo ile ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na baraswi, wazimu na judhamu. Wanafunzi huuliza tofauti ya la kwanza na la mwisho. Baraswi ni mbalanga, maradhi ya rangi ya ngozi tu. Judhamu ndiyo ukoma. Dua imeyataja mbali mbali, lakini watu huyachanganya, na hasara yake ni ya pande mbili: mwenye mbalanga hutengwa bure, na mwenye ukoma hukaa nyumbani akidhani ana mbalanga, huku mishipa yake yaangamia.

Maana ukoma, ndugu msomaji, ingawa huonekana ngozini, ni maradhi ya mishipa ya fahamu. Kijidudu chake kiligunduliwa mwaka 1873 na Hansen, tabibu wa Norwei. Hukua polepole mno, hata toka kuingia mwilini mpaka dalili kutokea yaweza kupita miaka 5, na kwa wengine 20 au zaidi. Hupenda viungo vyenye baridi kama masikio, pua, mikono na miguu. Mwili hupigana nacho, na katika mapigano hayo mshipa huvimba, na usipotibiwa hufa. Ukifa ule upitao nyuma ya kiwiko, kidole cha mwisho na cha pete hujikunja. Ukifa wa pembeni mwa goti, mguu huburuta. Ukiguswa wa usoni, jicho halifumbi.

Wengi husema ukoma hukata vidole. Si hivyo. Vidole huliwa na majeraha ambayo mwenyewe hakuyahisi. Hapa Lushoto, hasa Juni na Julai ukungu unaposhuka, sote twajisogeza motoni. Mwenye ganzi huota moto hata ngozi ikababuka asijue. Huepua sufuria kwa mikono mitupu. Huteremka shambani na mwiba unyayoni, akarejea nao jioni. Kidonda huoza, mfupa huingiliwa, kiungo hupungua. Maumivu, ambayo kila siku twayalalamikia, kumbe ni mlinzi!

Ama dawa, ipo. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa zichanganywe, na Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 1983. Hutolewa bure katika hospitali na vituo vya afya: miezi 6 kwa mwenye mabaka yasiyozidi 5, miezi 12 kwa mwenye mengi zaidi. Aanzaye kuzimeza huacha upesi kuambukiza. Tena zaidi ya watu 9 kati ya 10 wana kinga ya asili, kwa hiyo kumjengea mgonjwa kibanda chake mbali ni dhuluma isiyo na faida. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la mgonjwa chini ya 1 katika kila watu 10,000. Lakini wagonjwa wapya bado hupatikana kila mwaka, na baadhi yao huja wakiwa wamekwisha lemaa.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Dawa huua kijidudu, haifufui mshipa. Atakavyoishi mgonjwa baadaye hutegemea alikuja lini. Aliyekuja na baka moja lisilohisi huweza kupona asibaki na alama ya maana. Aliyesubiri mpaka vidole vimejikunja atapona ukoma, abaki na mkono huo.

Kuna na mtihani mwingine. Katikati ya matibabu, au hata baada ya kuyamaliza, mabaka huweza kuvimba ghafla, mshipa ukauma, mkono au mguu ukalegea. Wengi hudhani dawa imewadhuru, wakaitupa. La hasha! Huo ni mwili unaovimbia mabaki ya vijidudu. Yapasa kurudi hospitali upesi, wala dawa zisikatizwe. Huko hupewa predinisoloni. Udhaifu usiopita miezi 6 huweza kurudi kuwa nguvu. Wa zamani zaidi ni shida.

Sisi tunatawadha mara tano. Basi hapo pana ukaguzi usiolipiwa: tazama nyayo, pekua kati ya vidole. Mwenye ganzi asijipimie maji ya moto, bali ayapime mtu mwingine. Aloweke miguu katika maji ya vuguvugu, aipake mafuta, avae viatu hata kwa hatua chache. Na mzazi amwogeshapo mtoto akiona baka jeupe au jekundu, aliguse kwa pamba mtoto akiwa amefumba macho. Asipohisi, waende siku ile ile. Akigundulika, wote walio chini ya paa moja naye wachunguzwe ngozi na mishipa. Na tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limeshauri pia wapewe dozi moja ya rifampisini ya kuwakinga, baada ya kuhakikishwa kuwa hawana ukoma wala kifua kikuu.