Sura moja, akili tofauti

Una bodi ya LSI-11, kompyuta ya DEC ya mwaka 1975, na imegoma kuwaka. Kwenye droo una chipu za Pascal MicroEngine. Zote ni za Western Digital, zote zina miguu 40. Utahamisha tu? Subiri kwanza.

Prosesa hii haikai kwenye chipu moja. Chipu ya data ina rejista na hufanya hesabu. Chipu ya udhibiti huamua hatua inayofuata. Chipu za MICROM hutunza maikrokodi, yaani hatua ndogondogo zinazotekeleza kila amri; kila moja ina maneno 512 ya biti 22.

Chipu ya data haijui lugha ya mashine yoyote, inatii tu. Kwa hiyo kama zote mbili ni 1611 na kasi inalingana, jaribu. MICROM ndizo zenye lugha: mbili za LSI-11 zinajua amri za PDP-11, za MicroEngine zinajua p-code ya Pascal. Haziazimani.

Mtego uko kwenye chipu ya udhibiti. Nayo ina jedwali la tafsiri lililowekwa kiwandani, hivyo ihamishe pamoja na MICROM zake.

Utazijuaje? Soma namba, usiangalie sura. DEC ilitumia 23- kwa chipu zenye programu ndani, mfano 23-001B5. Na 7812 pembeni si modeli, ni tarehe: wiki ya 12, mwaka 1978. Ukinunua chipu ukiongozwa na tarehe hiyo, pesa inaweza kupotea.