Kwato Katika Shamba Lililolowa

Ndugu mkulima, jembe butu na jembe lililonolewa unayashusha kwa nguvu zile zile. Mbona hili linazama na lile linadunda? Makali ni membamba, kwa hiyo nguvu yote inakusanyika mahali padogo. Wataalamu huita jambo hili kanieneo, yaani nguvu gawanya kwa eneo.

Sasa tazama mifugo. Tuseme ng'ombe ana kilo 240, na kwato zake nne zimekanyaga sentimeta za mraba 240. Kila sentimeta ya mraba inabeba kilo 1. Akipiga hatua, zikabaki kwato mbili chini, inabeba kilo 2, wala ng'ombe hakunenepa!

Udongo mkavu unastahimili. Lakini udongo uliolowa, hasa wa mfinyanzi, unashindiliwa. Matundu ya hewa na maji yanazibika, mizizi ya mahindi inakwama, na mvua ikinyesha maji yanatiririka juu juu na kuchukua rutuba yako.

Basi ndugu, walishe mabua shamba likiwa kavu. Mvua ikianza, watoe; kata majani uwapelekee zizini.