Mvinyo Unaopita Dodoma Bila Kusimama

Shehena nyingi inayouzwa Bujumbura huanzia bandari ya Dar es Salaam. Malori hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, kisha huvuka mpaka wa Kabanga na kuingia Kobero. Mizigo mingine hufuata reli mpaka Kigoma na kumalizia safari ziwani. Ndiyo njia ya saruji na vitenge, na ndiyo njia ya makasha ya mvinyo pia. Chupa iliyovuka bahari kutoka Ufaransa huikata Dodoma katikati, penye mashamba ya mizabibu, ikaendelea na safari yake. Biashara ina hesabu zake, lakini hii hunichekesha.

Asiatique, hapa Bujumbura, ni mtaa wa wenye maduka tangu Wabelgiji walipoigawa Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo, kwa rangi za watu na kuwatengea Wahindi na Waarabu sehemu hii, jirani na Buyenzi. Kwa Waislamu wengi wa hapa zabibu ni tunda la mezani, au zile kavu za kutupia kwenye pilau, na hapo habari imekwisha. Wanywaji nao wapo mjini, na wengi wao huchagua chupa kwa kuitazama picha ya kasri kwenye lebo. Wangesoma jina la zabibu wangepata habari zaidi.

Maji ya karibu zabibu zote nyeusi hayana rangi. Wekundu hutoka kwenye ganda, na ule ukakasi unaobana ulimi hutoka kwenye ganda na kokwa. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo na ganda nene, kwa hiyo mvinyo wake ni mzito, mkali ujanani, na hudumu miaka mingi. Huchelewa kuiva, ndiyo maana huko Bordeaux hupandwa kwenye changarawe za Médoc zinazotunza joto. Merlot huwahi kuiva, hustahimili udongo baridi wa mfinyanzi wa Pomerol, na hushuka kooni kwa ulaini. Pinot Noir ya Burgundy ina ganda jembamba na hutaka ubaridi. Jua likizidi hupoteza harufu yake. Afrika Kusini wana ya kwao: mwaka 1925 Abraham Perold aliichanganya Pinot Noir na Cinsaut, ikazaliwa Pinotage.

Yenye kisa kitamu ni Syrah, zabibu ya bonde la Rhône, yenye harufu ya pilipili manga. Waaustralia huiita Shiraz, na kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba asili yake ni mji wa Shiraz, Uajemi. Msomaji wa pwani atatabasamu: ni koo ngapi zetu zinazodai Ushirazi? Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vilimaliza ubishi. Wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, wote wenyeji wa kusini-mashariki mwa Ufaransa.

Zabibu hizi zilizoea nchi zenye majira ya baridi, ambako mti hupukutisha majani na kulala. Karibu na ikweta haulali. Dodoma, kwenye nyanda kame zenye mwinuko wa mita elfu moja na ushei, mkulima huulaza mwenyewe kwa kisu: huupogoa, nao huchipua upya, hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Kilimo hicho kinahusishwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, waliohitaji divai ya misa. Leo kuna kituo cha utafiti Makutupora, kuna viwanda kama kile cha Hombolo, na kuna zabibu nyekundu iitwayo Makutupora pamoja na Syrah. Kilio cha wakulima kimekuwa soko: zabibu zinaiva, mnunuzi haonekani.

Wengine wametafuta ubaridi kwa kupanda juu. Richard Leakey, bingwa wa visukuku, aliotesha Pinot Noir kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kusini mwa Nairobi, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Huko Ethiopia, kampuni ya Castel ya Ufaransa ilipanda Merlot, Syrah na Cabernet Sauvignon karibu na ziwa Ziway, na shamba likazungushiwa handaki la kuzuia viboko na fisi. Sisi tunaokutana na viboko usiku kandokando ya Tanganyika tunaelewa gharama hiyo. Na milima yetu ya Mugamba, hapa Burundi, je? Ubaridi upo, lakini mvua hunyesha kwa sehemu kubwa ya mwaka, na unyevu huleta ukungu kwenye vichala. Chai ya Teza inaufurahia, mzabibu ungeoza.

Kwa hiyo Mrundi ataendelea kununua. Akila mukeke wa kuchoma, atafute Pinot Noir au Gamay ya Beaujolais, nyepesi, isiyomfunika samaki. Brosheti za mbuzi zinaimudu Syrah au Pinotage. Na asidanganywe na ushauri kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba, kwani chumba kilichokusudiwa kilikuwa cha Ulaya, cha nyuzi 16 au 18. Asiatique saa nane mchana ni karibu 30: nusu saa kwenye friji kwanza.