Reli ya Milimita 9: Kununua, Kuendesha na Kuhifadhi Treni Ndogo za Kijapani

Miongoni mwa burudani za nyumbani zilizoota mizizi nchini Japani ni uendeshaji wa treni ndogo za umeme zinazopita juu ya reli zenye upana wa milimita 9, ambazo ni modeli za treni zinazobeba abiria kila siku, zenye rangi, namba na hata maandishi ya ubavuni yaleyale. Ukubwa huo haukubuniwa Japani, kwani ni kampuni ya Arnold ya Nürnberg, Ujerumani, iliyouingiza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 kampuni ya Kato ya Tokyo ikatoa modeli ya kwanza ya Kijapani ya ukubwa huo, nayo ilikuwa kichwa cha treni ya mvuke cha aina ya C50. Kilichoifanya burudani hii istawi Japani ni ufinyu wa nyumba za mijini. Mpenzi wa treni wa Ujerumani au Marekani mwenye chumba cha ziada au gereji huweza kujenga mandhari ya kudumu yenye milima, mahandaki na stesheni, ilhali mkazi wa Tokyo hutandaza reli sebuleni asubuhi ya Jumamosi na kuzikusanya kabla ya matandiko ya kulalia hayajatandikwa mahali pale pale. Hali hiyo imeathiri jinsi treni zinavyouzwa, jinsi reli zinavyoungana na hata umbo la masanduku ya kuhifadhia, kiasi kwamba kununua, kuendesha na kuhifadhi vimekuwa hatua za kazi moja, na anayezitenganisha hujikuta baada ya miaka michache ana kabati lililojaa treni zisizokwenda.

Istilahi mbili huwachanganya wanunuzi wapya. Geji ni umbali kati ya reli moja na nyingine, unaopimwa kutoka ukingo wa ndani wa reli hii hadi ukingo wa ndani wa reli ile, na skeli ni uwiano wa ukubwa kati ya modeli na treni yenyewe. Treni za milimita 9, zinazojulikana kwa herufi N, zina geji moja duniani kote lakini skeli zake hutofautiana: Ulaya bara na Marekani hutumia 1:160, Uingereza 1:148, na Japani hutumia 1:160 kwa Shinkansen, yaani treni za mwendo kasi zilizoanza safari mwaka 1964, na 1:150 kwa treni zake nyingine nyingi. Reli za Shinkansen zina geji ya milimita 1,435, sawa na reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na namba hiyo ikigawanywa kwa 160 hupatikana takribani milimita 9 kamili. Reli za kawaida za Japani zina geji ya milimita 1,067, ileile ya TAZARA, na mabehewa yake ni madogo kuliko ya Shinkansen, hivyo modeli zake zikakuzwa kidogo hadi 1:150. Matokeo yake ni kwamba reli ya haki kwa modeli hizo ingekuwa na upana wa milimita 7 na ushei tu, na mwenye jicho kali akizitazama kwa mbele huona magurudumu yametanuka kuliko inavyostahili. Wapenzi wengi wameikubali kasoro hiyo kwa hiari, kwa kuwa faida ya kupitisha treni zote juu ya njia moja ni kubwa kuliko uchungu wa milimita mbili.

Katika ununuzi, uamuzi wenye uzito zaidi ni wa reli, ingawa wanunuzi wengi huanza na treni. Watengenezaji wakubwa wa reli za aina hii nchini Japani ni Kato na Tomix, na kila mmoja huuza vipande vya reli vilivyokwisha kubandikwa juu ya tuta la plastiki linaloiga kokoto, vyenye viungo vinavyobana kwa mkono bila msumari wala gundi. Treni za kampuni moja hupita juu ya reli za nyingine bila shida, lakini reli zenyewe haziungani ila kwa kipande maalumu cha kuoanisha, kwa hiyo anayechagua reli amechagua mfumo atakaoishi nao. Mabehewa huuzwa kwa seti: seti ya msingi huwa na mabehewa ya mwanzo na ya mwisho pamoja na lile lenye mota, na seti za nyongeza huirefusha treni hadi ifikie urefu wake wa kweli. Jambo ambalo mgeni hulijua kwa kuchelewa ni kwamba viwanda hutengeneza treni hizi kwa awamu, hutangaza miezi kadhaa kabla, na awamu ikiisha huenda miaka ikapita kabla ya nyingine. Aliyenunua seti ya msingi na kuahirisha ya nyongeza mara nyingi huishia kuisaka katika maduka ya mitumba, ambayo mtaa wa Akihabara jijini Tokyo unayo kwa wingi. Mtumba si wa kuogopwa, mradi mnunuzi aombe treni iendeshwe mbele na nyuma, atazame kama taa za ncha zote mbili zinawaka, na alichunguze sanduku kwa makini kama anavyoichunguza treni, kwa sababu itakayoelezwa hapo mbele.

Hamu ya kununua treni nzima inahitaji kupimwa kwa rula. Treni ya Shinkansen ya mabehewa 16 inayokwenda kati ya Tokyo na Osaka ina urefu wa mita 400 na ushei, na kwa 1:160 inakuwa na urefu wa mita mbili na nusu. Kona nyingi zinazouzwa zina nusu kipenyo cha kati ya milimita 280 na 320, na duara la milimita 315 lina mzunguko usiofika mita mbili. Hata likirefushwa kwa mita moja ya reli nyoofu kila upande, treni nzima ingejaza zaidi ya nusu ya njia na kichwa chake kingekuwa kinaufukuza mkia wake. Katika uhalisia, kona za njia kuu ya Tokyo na Osaka zilijengwa kwa nusu kipenyo cha mita 2,500, ambazo kwa skeli hiyo ni zaidi ya mita 15, na hakuna sebule ya kuzitosha. Treni ya mabehewa manne hadi sita hupendeza zaidi katika chumba cha kawaida kuliko treni kamili, na ndiyo maana mijini Japani kumeenea maduka yenye njia kubwa zilizokwisha kujengwa, ambako mteja hukodi njia kwa saa na kuipitisha treni yake ndefu mara anapotaka kuiona yote ikinyooka.

Kiini cha uendeshaji ni umeme wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja kama wa betri, usiozidi volti 12. Kidhibiti hupeleka umeme huo katika reli zote mbili, gurudumu la kulia huuchukua na la kushoto huurudisha, na mota iliyo ndani ya behewa huzunguka kwa kasi inayotegemea volti; swichi ya mwelekeo ikigeuzwa, umeme hugeuza njia na treni hurudi nyuma. Kwa kuwa reli ndizo waya, umbo la njia lina masharti yake: kitanzi kinachoirudisha treni kwenye njia ileile iliyotokea huikutanisha reli ya kulia na ya kushoto, na hapo umeme hupiga shoti na kidhibiti hujizima, kwa hiyo kitanzi cha namna hiyo huhitaji sehemu iliyotengwa na swichi yake. Pointi, yaani kipande kinachoigawa njia kuwa mbili, kwa kawaida hupeleka umeme upande uliochaguliwa tu, na sifa hiyo humwezesha mwendeshaji kuiacha treni moja imesimama pembeni huku nyingine ikizunguka. Upo pia mfumo wa kidijitali ambamo umeme hubaki katika reli wakati wote na kila treni hupokea amri kwa anwani yake kupitia kifaa kidogo kilichomo ndani; ni mfumo bora kwa njia kubwa za kudumu, lakini kwa reli za kutandaza na kukunja gharama yake ni vigumu kuitetea.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayeagiza vifaa kutoka Japani anapaswa kuzingatia kwamba umeme wa majumbani huko ni volti 100, na kidhibiti kilichotengenezwa kwa soko hilo kikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230 au 240 huungua papo hapo. Lebo ya adapta ndiyo ya kusomwa kwanza: iliyoandikwa 100–240 hufaa kokote, na iliyoandikwa 100 pekee huhitaji transfoma ya kushusha umeme.

Ugumu wote wa burudani hii umejificha pale gurudumu linapogusa reli, katika eneo dogo kuliko kichwa cha pini, ambalo umeme wote wa mota na taa lazima upitie. Modeli ikipunguzwa mara 150 kwa urefu, hupungua pia kwa upana na kimo, hivyo kichwa cha treni cha tani 60 kingebaki na gramu 18 tu, uzito usiotosha kulikandamiza gurudumu liguse reli vizuri. Ndiyo sababu watengenezaji hujaza ndani vipande vya chuma, na baadhi ya magurudumu huvalishwa pete za mpira ili yasiteleze, ingawa gurudumu lenye mpira haliwezi tena kuchukua umeme. Cheche ndogo zisizoonekana huacha masizi meusi juu ya reli, vumbi huyashika, na treni huanza kusitasita na taa kupepesa. Tiba ni kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti safi, kinachopitishwa juu ya reli kabla ya kila mchezo, na kijiti cha pamba kwa magurudumu. Msasa usitumike kamwe, kwani mikwaruzo yake hugeuka kuwa mifereji ya kutunzia uchafu, na spiriti isiguse ubavu wa behewa, ambako huweza kuyafuta maandishi yaliyochapwa. Sakafu nayo ni adui: nyuzi za zulia na nywele hujiviringisha kwenye ekseli hadi kuzikwamisha giya, hivyo ni busara kuziweka reli juu ya ubao au meza.

Treni hupandishwa relini kwa kipande cha plastiki chenye mteremko na mifereji miwili, ambacho huegeshwa juu ya njia. Behewa likiachiwa juu yake huteleza taratibu, magurudumu yakajipanga yenyewe, na mlio mdogo wa kila ekseli inapoketi mahali pake humthibitishia mwendeshaji kwamba yote yametulia. Wengi huikimbiza treni kupita kiasi. Shinkansen ya kilomita 285 kwa saa, kwa skeli yake, ingepita chini kidogo ya nusu mita kwa sekunde, na treni ya mjini ya kilomita 90 kwa saa haipaswi kuzidi sentimita 17 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ndogo ndipo mabehewa yanapoonekana kuinama konani moja baada ya jingine, na raha ya kuyatazama kwa jicho lililo usawa wa reli haina mbadala; ubora wa mota hupimwa hapo hapo, kwa kuwa mota mbovu haiwezi kutambaa bila kushtuka.

Uhifadhi wa Kijapani umejengwa juu ya sanduku lenye umbo la kitabu, ambalo hufunguliwa kwa kurasa mbili, hubeba mabehewa saba au zaidi katika vitanda vya sponji, na husimamishwa rafuni likionyesha jina la treni mgongoni. Ni ubunifu wa kusifiwa, lakini una ila yake. Sponji nyingi za aina hiyo ni za urethani, kemikali ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kuvunjika polepole, na baada ya miaka kumi au ishirini sponji hulainika, hunata, kisha huganda kwenye rangi ya behewa kiasi cha kuibandua. Anayenunua mtumba huibonyeza sponji kwa kidole, na ikimwachia unga au utando huitoa mara moja na kuweka mpya, ambayo huuzwa peke yake. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu na chumvi mwaka mzima, sanduku linapaswa kukaa ndani ya chombo cha plastiki kinachofungwa barabara pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza maji, na vipakiti hivyo vibadilishwe masika yanapokwisha. Jua la dirishani nalo huugeuza weupe wa Shinkansen kuwa manjano, na hakuna usafi unaourudisha.

Treni isiyoendeshwa huharibika pia. Mafuta ya giya huganda, pete za mpira hukakamaa, na ncha za shaba zinazochukua umeme hushika utando. Dakika chache za mzunguko kwa pande zote mbili kila baada ya miezi michache huzuia mengi ya hayo. Lisilozuilika ni ugonjwa wa baadhi ya fremu za zamani zilizosubiwa kwa aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi kidogo, ambazo huvimba kutoka ndani na kupasuka nyufa hata zikitunzwa vizuri, na unyevu huharakisha kazi hiyo. Mwenye treni kongwe anapaswa kuifungua na kuitazama fremu kila mwaka, na akiona nyufa za kwanza atafute fremu nyingine haraka, kabla ile inayovimba haijaupasua mwili wa plastiki ulioifunika.