Amri ya Tano na Jiko la Mkaa

Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapozidi katika nyanda za juu za Njombe, Makete na Mbeya, zipo familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, kisha hufunga milango na madirisha na kulala. Wengine hawaamki. Msibani husemwa, “Ajali haina kinga,” au, “Ni mapenzi ya Mungu.” Maneno hayo yanafariji, lakini kwa kifo cha namna hii si ya kweli. Kinga ipo.

Mkaa unapowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mahali palipofungwa gesi hiyo hujaa, na ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo mwili hukosa oksijeni ilhali mtu anaendelea kupumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, ambazo aliyelala hazitambui. Wengi hudanganyika moshi ukiisha, kumbe makaa mekundu, hata yakifukiwa kwa majivu, huendelea kutoa gesi hiyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2269) inafundisha kwamba sheria ya maadili inakataza kumweka mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu nzito. Nayo Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba kuweka ukingo darini, ili mtu asianguke na nyumba ikabeba hatia ya damu. Tahadhari, basi, ni sehemu ya utii kwa Amri ya Tano.

Kwa hiyo, jiko lisilale chumbani. Tupikie nje, au mahali penye madirisha na mlango wazi, na makaa yazimwe nje kabla ya kulala. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha, mtoe kwenye hewa safi, umwahishe hospitali hata kama amezinduka.

Hata hivyo, anayeingiza jiko ndani mara nyingi hana blanketi. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tuulizane majira haya: ni mzee gani, ni mjane gani, ni watoto gani wanaolala na baridi? Blanketi tutakalowapelekea ni tendo la huruma, na laweza kuokoa uhai wa nyumba nzima.