Kabla ya kuziba kelele za gari, kagua beringi

KATESH – Wamiliki wa magari ya michezo wanaozunguka katika wilaya za Hanang na Mbulu hukutana na kelele za aina mbili. Kwenye lami ya Babati hadi Katesh ni mvumo mzito wa matairi. Kwenye barabara za changarawe ni mawe yanayogonga madigadi na sakafu.

Magari hayo, kama Toyota Altezza na Subaru Impreza, yako chini, yana springi ngumu na matairi mapana yenye ubavu mfupi. Mtikisiko hufika moja kwa moja kwenye bodi, na bati jembamba hulia mithili ya ngoma.

Dawa inayotumika ni karatasi nzito za mpira wa butili, zenye gundi upande mmja na alumini upande wa pili. Zikibandikwa, hugeuza mtetemo wa bati kuwa joto dogo. Si lazima kufunika bati zima. Robo ya eneo lililo bapa hutuliza sehemu kubwa ya mtetemo. Zaidi ya hapo mwenye gari hununua uzito tu.

Kwa barabara za changarawe, kazi ianzie kwenye sakafu na madigadi, si milangoni ambako wapenda muziki hukimbilia. Viti na kapeti hutolewa, vumbi lote hufutwa kwa spiriti, kisha karatasi hukandamizwa kwa rola. Matundu ya kutolea maji yasizibwe, kwani bati litaoza kwa kutu. Mvumo unaopita hewani hauzuiwi na butili. Huo huhitaji raba nzito juu ya sponji, pamoja na raba nzima za milango.

Wapo wanaotumia karatasi za lami za kuezekea kwa kuwa ni rahisi. Ubaridi wa Mbulu usiwadanganye: gari hilo hilo likiegeshwa juani Magugu, lami hulainika na kunuka.

Hata hivyo, kelele nyingine ni taarifa. Beringi ya gurudumu iliyochoka huvuma kadiri mwendo unavyopanda, na sauti hubadilika gari likikata kona. Anayeifunika kwa sponji anaweza kuteremka mlima Magara bila kujua kwamba gurudumu linakaribia kumshinda. Fundi ainue gari kwa jeki, azungushe kila gurudumu kwa mkono na kulitikisa, kabla kapeti halijaguswa.